Ukitaka kula chakula cha Kichagga, fika kabla ndizi hazijamenywa

Watu wengi wa Dar wakikwambia wamekula chakula cha Kichagga, ukiuliza wapi utasikia ni mgahawani Moshi mjini, au bakuli la mtori, ndizi zilizosagwa kwenye supu ya nyama, kwenye harusi Sinza. Si vibaya. Ila chakula chetu kinaanzia kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kinapita jikoni kwa mama, na utamu wake anaujua aliyekuwepo tangu mkungu unakatwa. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, kazi iko Dar, na haya ndiyo ninayomwambia kila rafiki anayetaka kwenda.

Tafuta mwenyeji kwanza, hoteli baadaye. Ofisini kwako au mtaani hukosi Mchagga. Mwambie unataka kwenda kumsalimia mama yake, siku mbili tatu. Usipompata, pale Marangu Mtoni wapo vijana wanaotembeza wageni na wanaweza kukupeleka nyumba ya mtu kula. Patana bei kabla hujaondoka barabarani, uliza nani anapika, na sisitiza ufike asubuhi. Ukifika saa ya kula utakuta sahani imefunikwa mezani, na hicho si ulichokifuata.

Kuhusu majira, masika ya Machi mpaka Mei yana tope, na njia za vihambani zinateleza kweli. Juni mpaka Agosti ni baridi ya kuvaa sweta mchana. Januari, Februari, Septemba na Oktoba ni miezi mizuri na nyumba zimetulia. Desemba ni habari nyingine kabisa: Wachagga wote wanarudi, nauli zinapanda, mabasi yanajaa. Usiende Desemba bila mwaliko. Ukialikwa, usikose, maana ndio mwezi wa kipaimara na harusi, ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, hazikosekani na kila nyumba ina mbege, pombe yetu ya ndizi.

Dar hadi Moshi ni kama kilomita 550, siku nzima kwa basi. Treni nayo ilirudi mwaka 2019, ni ya taratibu, inamfaa asiye na haraka. Kwa anayekwenda Marangu kwa basi, hakuna sababu ya kufika Moshi mjini: mwambie konda akushushe Njia Panda ya Himo, pale panda Hiace ya Marangu, na kutoka Mtoni bodaboda atakumalizia.

Usipande mikono mitupu. Sukari kilo mbili, majani ya chai, sabuni ya mche, na ukipita bucha chukua nyama yenye mifupa, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoingia kwenye mtori. Ukifika, salimia wazee kwanza, hata kama umewakuta shambani. Ukipewa kitu sema "aika mbe" kwa baba, "aika mae" kwa mama. Utaona uso unavyofunguka. Na angalia unapokanyaga. Kihamba ni shamba, ni nyumba, na ni makaburi ya familia kwa pamoja. Ile mimea ya majani marefu, masale, ni mipaka na ina heshima yake; jani la sale ndilo Mchagga analompelekea mwenzake anapoomba msamaha. Usichume kwa ajili ya picha.

Sasa jikoni. Mtori unaanza na mifupa, ichemke peke yake na chumvi mpaka nyama ilegee. Wakati huo mnamenya ndizi. Mama mkubwa wangu anatumia mshare, na hakubali nyingine. Paka mafuta mikononi kabla hujashika kisu, maana utomvu wa ndizi ukikukauka vidoleni unabaki mweusi siku kadhaa. Kila ndizi ikishamenywa inatupiwa kwenye maji isibadilike rangi. Zinaingia kwenye supu na kitunguu, moto wa kuni za mibuni iliyopogolewa, sufuria inafunikwa. Zikiiva anatoa mifupa na supu pembeni, anazisaga ndizi kwa mwiko humo humo sufuriani, anarudisha supu kidogo kidogo huku akiinua mwiko kutazama unavyodondoka. Unatakiwa ushuke mzito, usikatike. Nyama inachambuliwa kwa vidole na kurudishwa. Basi. Hakuna karoti, hakuna hoho, hakuna unga wa kuongezea uzito. Ukiona hivyo ujue ndizi zilikuwa chache. Hiki ndicho chakula cha mama aliyetoka kujifungua, anakinywa siku nyingi mpaka nguvu zirudi, kwa hiyo usikichukulie kama supu ya kuanzia.

Omba uoneshwe na kiburu, ndizi na maharage vinavyopikwa kwa magadi. Hakipendwi na kila mgeni siku ya kwanza. Machalari, ndizi na nyama bila kusagwa, hiyo hata mtoto wa Kariakoo atamaliza sahani.

Mbege inataka siku zake, ndiyo maana nasema ulale. Ndizi mbivu zinachemshwa saa nyingi mpaka zigeuke nyekundu, zinaachwa zichachuke karibu wiki. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa na kupikwa uji, kisha vinachanganywa. Uchungu wake unatokana na gome la mti wa msesewe. Huwezi kuona hatua zote kwa siku moja, lakini kwa kuwa kila kijiji kuna mwanamke anayepika, mwombe mwenyeji akupeleke kwa aliye kwenye hatua ya kuchanganya. Atakayekukaribisha ataonja yeye kwanza kwenye kata, halafu atakupa. Pokea kwa mikono miwili. Kama hunywi pombe, sema tangu mwanzo kwa upole, utapewa maziwa au chai na hakuna atakayenuna.

Kama wewe ni Muislamu, mwambie mwenyeji siku moja kabla. Kisusio, supu yetu, kina damu ya mbuzi, na kitimoto, nyama ya nguruwe, kipo kila kona. Ukisema mapema atatafutwa Muislamu wa jirani achinje. Mbuzi akishachinjwa, wanaume wanagawa, na kila kipande kina mwenyewe kulingana na nafasi yake katika ukoo. Usichague; kula ulichopewa.

Uliza siku ya gulio, kwa kuwa kila soko lina siku zake. Marangu Mtoni na Mwika ndiyo ninayoyapenda: akina mama wameketi na mikungu, ukiuliza ipi ya mtori, ipi ya kuchoma, ipi ya mbege, watakufundisha bila malipo. Nunua hata kidogo. Kahawa nayo utaoneshwa ikimenywa, ikikaangwa na kutwangwa kwenye kinu, Marangu hapa au Materuni kule Uru, nusu siku inatosha. Ukiwa Uru na miguu inaruhusu, endelea mpaka Shimbwe Juu, ambako kilimo cha kihamba kilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ndizi, kahawa, miti mirefu, ng'ombe wa ndani na mifereji ya maji, vyote katika eneo dogo la familia moja. Ukishapaona, utaelewa kwa nini sufuria zetu zina ndizi kila siku.

Ukiwa kwa rafiki, usiweke pesa mezani. Siku ya kuondoka mshike mama mkono, mwambie "mama, hii ya sukari." Naye hatakuachia uende bila mkungu. Omba ukatwe asubuhi hiyo hiyo, ufungwe kwenye gunia, na umlipe konda mzigo. Dar kuna joto, ndizi zitaanza kuiva baada ya siku chache, na ikishaiva haifai tena kwa mtori. Kwa hiyo nunua mifupa ya mtori wako siku ya pili tu baada ya kufika Dar.