Jinsi ya kujifunza Kifaransa ukiwa Dodoma, hatua kwa hatua

Swali ninaloulizwa sana ni hili: mwalimu, nitajifunzaje Kifaransa na mi nakaa Dodoma, wakati Alliance Française, vile vituo vya kufundishia Kifaransa, viko Dar na Arusha? Mi nafundisha watu wazima jioni hapa mjini, wengi wanafanya kazi kule Mtumba, na wanaofika mbali sio wenye vitabu vingi, ni wale wanaokiingiza Kifaransa kwenye mambo ambayo wangeyafanya kila siku hata kama wasingejifunza lugha. Nawapeleka hivi.

Hatua ya 1: masikio kwanza
TV5Monde, televisheni ya Kifaransa, wana mazoezi ya video ya bure kuanzia ngazi ya A1, yani ya mwanzo kabisa, anzia hapo. Ukishazoea hamia RFI, redio ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi, Journal en français facile, dakika 10 tu na maandishi yake unayapata bure. Shusha usiku, asubuhi weka hedifoni kwenye daladala, sikiliza bila kusoma hata kama utaambulia "bonjour" na majina ya marais, jioni ndo usome maandishi, kesho yake rudia ileile. Ileile, sio mpya. Watu wanachoka kwa sababu kila siku wanakimbilia mpya.

Hatua ya 2: nyoosha mdomo
Hapa tukae kidogo maana ndo panapowaangusha wengi. R ya Kifaransa tunayo tayari, ni gh ya ghali na ghafla, ila ile wanayotamka watu wa Pwani, sio "galama" yetu ya huku bara. Sema "meghsi" (merci, asante), sema "Paghi" (Paris), ushafika. Halafu u ya "tu": sema i, ulimi usiusogeze, zungusha midomo kama unataka kupiga mluzi, kitakachotoka ndo chenyewe. Bon, vin na pain zinapitia puani na ile n haisikiki kabisa. Na herufi za mwisho nyingi zinaandikwa tu hazitamkwi, "vous parlez" ni "vu paghle", lakini neno linalofuata likianza na irabu ile s inafufuka, "vous avez" inakuwa "vuzave". Jirekodi kwenye simu, jisikilize, vumilia sauti yako.

Hatua ya 3: tafuta watu
Wako, aisee. Warundi na Wakongo utawakuta vyuoni, makanisani, na barabara ya kwenda Singida inapitisha malori ya Burundi na Rwanda mchana na usiku. Mnyarwanda kijana akikujibu Kiingereza usishangae, kule shule zilihamia Kiingereza kuanzia 2008. Kwa mtu mzima usiyemjua tumia "vous", zote mbili ni "wewe" ila ile "tu" ni ya marafiki na watoto, na usianze na shida yako kabla ya "bonjour", Wafaransa nao hawapendi kuvamiwa kama sisi tu. Mwanafunzi wangu mmoja alimuona dereva anaangalia tairi, akaenda: "Bonjour monsieur, vous allez à Bujumbura?" (habari mzee, unaenda Bujumbura?) Mzee akacheka, "Oui, demain matin" (ndio, kesho asubuhi), wakaongea mpaka chai ikapoa.

Kitu kimoja: Mrundi au Mkongo akikutajia bei, sabini atasema septante na tisini nonante, kama Wabelgiji waliowatawala. Ufaransa wanasema soixante-dix na quatre-vingt-dix, yani sitini na kumi, halafu nne mara ishirini na kumi. Jifunze zote mbili, usibishane na mtu.

Hatua ya 4: kula na kunywa
Tarehe 2 Februari Wafaransa wana Chandeleur, siku ya crêpes, ambazo ukiziona utasema ni chapati za maji. Unga gramu 250, mayai matatu au manne, maziwa nusu lita, chumvi kidogo, koroga, acha saa moja, mimina nyembamba kwenye kikaango cha moto. Unapika huku unataja unachoshika: farine, œufs, lait, sel. Ukigeuza, mkono mmoja kikaango, mwingine umeshika sarafu, wenyewe wanasema inaleta hela mwaka mzima (sijatajirika bado ila chapati zinaiva vizuri).

Na mvinyo je? Dodoma hii hii kuna mashamba yanayolima zabibu za Chenin Blanc, asili yake bonde la mto Loire kule Ufaransa, na Syrah ya bonde la Rhône. Soma lebo ya chupa kwa Kifaransa: rouge ni mwekundu, blanc ni mweupe, sec ni mkavu, doux ni mtamu. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, wao mara moja, hiyo pekee ni mada ya nusu saa na Mfaransa yeyote. Asiyekunywa pombe anunue zabibu tu, mazungumzo ni yaleyale.

Hatua ya 5: mtihani, kama unauhitaji
Unaitwa DELF, mtihani wa cheti cha Kifaransa, una ngazi nne, A1 mpaka B2, na cheti hakiishi muda. Kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila kimoja alama 25, unapita kwa 50 kati ya 100, ila ukipata chini ya 5 sehemu yoyote umefeli hata kama kwingine umeng'ara. Kwa hiyo usikimbie kuongea. Kwenda Dar sasa ni treni ya SGR tu, unaenda na kurudi bila kuumiza mgongo, lakini tarehe za mtihani waulize Alliance Française mapema kabla hujaomba ruhusa kazini.