Somo: Kumlisha chatu wa kufugwa anapojivua gamba

Chatu aliyefifia rangi na kukataa panya kwa kawaida haumwi. Anajiandaa kujivua gamba, na siku hizo anahitaji unyevu na joto kuliko chakula. Matatizo mengi ya kipindi hiki yanaletwa na mfugaji mwenye haraka ya kumshibisha.

Vipimo vya hapa ni vya chatu wa Afrika Magharibi, Python regius, ambaye ni mpole na hakui sana. (Chatu wetu mkubwa wa hapa Tanzania ni mnyamapori. Kumkamata kwenye majabali na kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, hata kama amekuja mwenyewe kula kuku wako.)

Hatua ya 1: Jua amefikia wapi

Shughuli nzima huchukua siku 7 hadi 14. Kwanza rangi inafifia na tumbo linakuwa la waridi. Kisha macho yanaingia ukungu wa buluu, kwa sababu kuna majimaji kati ya ngozi kuukuu na mpya. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu ambalo nalo hubadilishwa. Kwa siku 2 hadi 4 hivi anaona kwa shida. Baadaye macho yanang'aa tena, na hapo ndipo watu wengi wanajichanganya: wanadhani ameshamaliza, wanatupia panya. Bado. Gamba lenyewe litatoka siku 3 hadi 7 baada ya macho kung'aa.

Hatua ya 2: Chakula kabla ya gamba kutoka

Kama siku ya mlo imeangukia kwenye rangi inayoanza tu kufifia, mpe, lakini punguza. Chatu wa gramu 500 aliyezoea panya wa gramu 50 apewe wa gramu 25 au 30.

Macho yakishakuwa ya buluu, acha kabisa mpaka gamba litoke. Haoni vizuri, ana wasiwasi, anaweza kukurukia mkono badala ya panya. Akila kisha akasumbuliwa, ni rahisi atapike. Kibaya zaidi ni kumwachia panya hai ndani ya kizimba ukidhani "atakula usiku." Panya mwenye njaa humtafuna nyoka asiyejitetea, mara nyingi mgongoni, mpaka mfupa unaonekana.

Hatua ya 3: Unyevu

Siku za kawaida unyevu wa kizimba uwe asilimia 50 hadi 60. Rangi ikianza kufifia, upandishe hadi 70 au 80. Wakati wa masika si kazi ngumu. Ni Juni hadi Agosti, mvua zikiisha na pepo kavu zikianza, ndipo magamba yanatoka vipande vipande. Usidanganywe na kuishi karibu na ziwa. Amini haigromita (kipima unyevu) iliyomo ndani ya kizimba.

Njia nafuu ni kopo la plastiki lenye kifuniko, la ukubwa ambao nyoka akijikunja anaenea bila kubakiza nafasi kubwa. Toboa tundu ubavuni, pana kidogo kuliko sehemu yake nene, na ulainishe kingo kwa msasa, maana ngozi mpya ni laini na plastiki iliyokatwa ni wembe. Ndani weka taulo iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka haidondoshi hata tone. Liweke kopo katikati, kati ya upande wa joto na upande wa baridi. Badilisha taulo kila siku ya pili, vinginevyo itaota ukungu.

Usimwagie maji sakafu nzima ya kizimba. Chatu anayelalia majimaji hupata vidonda kwenye ngozi ya tumbo, na akianza kutoa mapovu puani au kuhema mdomo wazi, mapafu yameshaathirika.

Hatua ya 4: Joto

Upande wa joto nyuzi 31 hadi 33, upande wa baridi 25 hadi 27. Bila joto, panya huozea tumboni badala ya kusagwa. Usiku wa Juni na Julai hapa Mwanza ni wa baridi, kwa hiyo mkeka wa umeme wa kupasha kizimba lazima uwe na kidhibiti joto. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye kanga zinasaidia kwa saa chache. Ziweke nje ya kizimba, zikiegemea ukuta wake.

Hatua ya 5: Kagua gamba, kisha mlo

Litandaze gamba mezani. Tafuta vifuniko viwili vya macho, viduara vidogo angavu vilivyobonyea kama lenzi, na ncha ya mkia. Ncha ikibaki mwilini, gamba hukauka, hubana, damu haipiti na mkia hufa.

Subiri siku 1 au 2. Panya aliyegandishwa ayeyuke ndani ya friji usiku kucha, kisha mtie kwenye mfuko na umzamishe katika maji ya moto kiasi hadi ngozi yake ifike nyuzi 37 hadi 40. Usitumie maikrowevu: nje anakuwa vuguvugu, ndani anaiva. Mpe kwa koleo ndefu. Kisha usimshike kwa saa 48.

Maswali ya wanachama (kila mmoja kwa jina la mtaa wake hapa Mwanza)

*Igoma: Mwalimu, amejivua wiki mbili zilizopita na bado hali. Nimtie panya mdomoni?*
Hapana, ndugu yangu. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni. Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki nyingi bila kula. Akipungua asilimia 10 ya uzito, au akiwa bado mchanga, muone daktari wa mifugo. Kabla ya hapo hakikisha joto, na mpe pango la kujificha. Asiye na pango mara nyingi hagusi chakula.

*Nyegezi: Huku dagaa ndio rahisi kuliko panya. Siwezi kumpa?*
Usimpe. Chatu huyu huwinda panya na ndege. Samaki si chakula chake, na dagaa wa kukaushwa kwa chumvi ndiyo kabisa. Ukikosa panya, jaribu kifaranga cha siku moja kutoka kwa watotoleshaji. Kinyesi kitakuwa chepesi kidogo, usishtuke.

*Kirumba: Nilimlisha macho yakiwa ya buluu, akatapika siku ya pili. Nimlishe lini tena?*
Baada ya siku 10 hadi 14. Maji safi tu kwa sasa, usimshike. Asidi ya tumbo imeunguza koo, nayo inahitaji muda kupona. Mlo wa kwanza uwe nusu ya kawaida. Akitapika tena, ni daktari.

*Bwiru: Dada, jicho moja bado lina gamba. Fundi mmoja ameniambia nitumie seloteipu.*
Usithubutu! Utang'oa na gamba jipya lililo chini yake, na jicho litaharibika. Mweke kwenye beseni la maji ya nyuzi 28 hadi 30, yasizidi nusu ya unene wake, dakika 20, ukiwa umesimama hapo hapo. Kisha mpitishe mkononi ndani ya taulo yenye unyevu, ajisugue mwenyewe. Likigoma, pandisha unyevu na usubiri gamba lijalo, mara nyingi hutoka nalo. Likikataa tena, muone daktari.

*Buzuruga: Panya wa kutegwa shambani wanafaa?*
Wanakuja na minyoo, na huwezi kujua ni yupi ameshaonja sumu ya panya ya jirani. Fuga wako weupe. Dume mmoja na majike wawili wanamtosha chatu mmoja, na mtabaki na wa kugandisha.