Jinsi ya kuanza kukusanya noti za Marekani za enzi za Mapinduzi

Watu wakisikia noti ya 1776 wanajua hiyo ni ya makumbusho tu, kumbe zinauzwa kila siku na zile za kawaida zilizochakaa hazifikii hata bei ya simu ya maana. Ila soma kwanza ndo utoe hela.

Hatua ya 1: anza na noti za Continental Congress, baraza lililoongoza makoloni 13 kwenye vita dhidi ya Uingereza, zile za 1775 hadi 1779. Zilichapwa na Hall & Sellers wa Philadelphia, zikamwagwa mpaka zikapita dola milioni 240 na thamani ikafa kabisa, 1790 serikali ikazipokea kwa hatifungani, 100 kwa 1. Noti za majimbo zije baadae.

Hatua ya 2: cheki tarehe na maandishi. Toleo la Mei 20, 1777 ndo la kwanza kuandikwa "United States", kabla ya hapo ni "United Colonies". Mimi nampendekezea kila anayeanza ile ndogo ya Februari 17, 1776, ya sehemu ya dola, mbele ina saa ya jua na neno "Fugio" (Kilatini, "nakimbia"), nyuma pete 13 zimeshikana, kila pete koloni moja. Ni nzuri jamani, ukiishika hutaki kuirudisha.

Hatua ya 3, na hapa usiwe na haraka kabisa: karatasi na wino. Imulike kwenye taa, karatasi halisi ina nyuzinyuzi za bluu na chembe za maika, yaani madini yanayong'aa. Namba na saini ziliandikwa kwa mkono, kwahiyo wino wake uwe tofauti na wa chapa, mara nyingi ni wa kahawia au mwekundu. Kama ni noti ya dola nzima, siyo ile ndogo yenye pete, geuza nyuma uangalie picha ya jani iliyopo kwenye nyingi, ni mbinu ya Benjamin Franklin, alichukua jani lenyewe akalitolea kalibu, mishipa yake inaanza minene inaisha myembamba kabisa na mchongaji wa kawaida hawezi kuiga hivyo. Nakala za kuuzia watalii ni za njano, zinakakamaa, na saini imechapwa pamoja na maneno mengine.

Sasa feki za zamani ni habari nyingine. Waingereza walizichapa makusudi ili kuua hiyo pesa, matoleo ya Mei 1777 na Aprili 1778 yakaghushiwa mpaka Kongresi ikayaondoa kwenye mzunguko. Feki ya wakati ule nayo ni historia, inunue, ila muuzaji aseme wazi kuwa ni feki.

Hatua ya 4: nunua kwa dila anayekubali kurudishiwa, au noti iliyokwishakaguliwa na PMG, kampuni inayothibitisha na kupanga daraja la noti.

Hatua ya 5: iweke kwenye mfuko wa Mylar (plastiki angavu isiyoharibu karatasi), siyo plastiki ya PVC, mbali na jua. Usiioshe, usiipige pasi, usiilaminishe, na seloteipu isiiguse. Ukiikuta imeshonwa uzi au imebanwa pini ya zamani iache hivyohivyo, waliokuwa wanaitumia ndo walikuwa wanazitengeneza namna hiyo.