Jinsi ya kuomba mahojiano ya shahidi yasimamishwe katika kesi ya madai Marekani

Katika mahakama za shirikisho Marekani, shahidi wa kesi ya madai anaweza kuhojiwa kwa kiapo kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Kikao hufanyika aghalabu ofisini kwa wakili, jaji hayupo, na kila neno linanukuliwa. Wengi wanadhani wakili wao atazuia kila swali baya. Hawezi. Kanuni ya 30 ya kanuni za shirikisho za mwenendo wa kesi za madai imembana.

Kama mnajua maswali yatagusa siri za biashara au matibabu, msingoje siku ifike. Wakili wako azungumze kwanza na wakili wa upande wa pili. Wakishindwana, apeleke mahakamani ombi la amri ya ulinzi, yaani amri ya kuzuia au kuwekea mipaka maswali hayo, chini ya kanuni ya 26(c), akithibitisha kwamba walijaribu kuelewana.

Ndani ya kikao, pingamizi liwe fupi: "Napinga, swali la kuongoza," yaani linalomdokezea shahidi jibu. Linaandikwa, na shahidi anajibu vilevile. Wakili akisema, "Napinga, huyu hakuwepo siku ile, angejuaje?" hapo ameshamlisha shahidi jibu, na kanuni inakataza. Kumwambia shahidi asijibu kunaruhusiwa kwa mambo matatu tu: kulinda siri inayotambuliwa kisheria, kama ya wakili na mteja, kutekeleza mpaka uliowekwa na mahakama, au kupeleka ombi la kusimamisha mahojiano. Kwamba swali halihusiani na kesi si sababu.

Ombi hilo lina nguvu pale tu mhojaji ana nia mbaya, au anamsumbua, anamfedhehesha au kumwonea shahidi kupita kiasi. Wakili ayataje hayo wakati karani anaandika, kisha adai kikao kisimame. Lazima kisimame kwa muda unaohitajika kupata amri. Ombi hupelekwa mahakama yenye kesi au ile ya mahali mnapohojiana. Ambatisheni kurasa zenye maswali yenyewe. Malalamiko matupu hayamshawishi jaji. Na mpime kwanza, kwa sababu anayeshindwa anaweza kubebeshwa gharama za mwenzake.

Muda wa kawaida ni siku moja ya saa 7. Shahidi anayejibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani asishangae upande wa pili ukiomba nyongeza.

Kabla kikao hakijafungwa, ombeni kusoma nakala ya mahojiano. Mkiomba kwa wakati, shahidi hupata siku 30 tangu kuarifiwa kwamba iko tayari, aandike masahihisho pamoja na sababu zake na kutia saini.