Namna ya kuitazama Terrifier ukajua pesa kidogo zilikwenda wapi

Itazame kwanza usiku, mwanzo hadi mwisho bila kusimamisha, watoto wakiwa wamelala. Kesho yake mchana irudie, safari hii uzime sauti na ushike kalamu. Mimi napamba maharusi, na mara mojamoja naitwa kutengeneza majeraha ya filamu fupi. Kazi za wenzangu nazikagua hivyo, maana muziki ukinyamaza uso hauna pa kujificha.

Terrifier ni filamu ya kutisha ya Marekani, ya mwaka 2016. Damien Leone aliiandika, akaiongoza, akaihariri, na vipodozi vya kutisha akavitengeneza mwenyewe.

Simamisha picha kwenye mgahawa wa piza. Art, yule klauni muuaji, ameketi akiwakodolea macho wasichana wawili, Tara na mwenzake Dawn. Hatamki neno filamu nzima. David Howard Thornton, anayemwigiza, anafanya kila kitu kwa nyusi, meno na shingo. Tazama tabasamu lake: linapanda polepole, kisha linaganda hapohapo huku macho yakibaki makavu. Sasa sogea karibu na skrini utafute pua ya bandia inapoishia na ngozi inapoanzia. Nimetafuta mara nne, sijapaona. Nguo nayo ni nyeusi na nyeupe tu, kakofia kadogo na mfuko mweusi wa taka begani. Gharama yake ndogo, lakini tone moja la damu likidondokea pale, jicho lako haliendi kwingine.

Damu ichunguze peke yake. Ya kwanza niliyoipika mimi, ya sukari na rangi ya chakula, kwenye kamera ilitoka kama juisi ya rozela. Ya pili nikaitia kakao kidogo, ndipo ikapata ule weusi wa ndani. Ya Leone ina uzito na ina giza. Ameijua kazi.

Kasoro utaiona kwa kalamu. Andika jina la kila anayeuawa, na mbele yake kitu kimoja unachokijua juu yake kisichohusu kifo chake. Karatasi yangu ilibaki nyeupe karibu yote. Usiku mmoja, jengo moja chakavu, watu wanaingia ili wafe. Dawn anafanyiwa ukatili wa kupindukia, na kamera inang'ang'ania pale kana kwamba hajawahi kuwa mtu. Hapo nilikasirika, na bado nina hasira.

Ukimaliza, weka Terrifier 2 ya mwaka 2022. Ina dakika 138, ni ndefu kuliko inavyostahili. Lakini humo yumo Sienna, anayejitengenezea kwa mikono yake vazi la malaika mpiganaji lenye mabawa, kutoka kwenye mchoro wa marehemu baba yake. Nilipomwona ameinamia vazi lile, nilianza kumhofia kabla Art hajamsogelea.