Kufufua wembe wa kukunja wa zamani: kazi yote iko kwenye jiwe la kwanza

Hizi nyembe za kukunja za zamani, hasa zile za Sheffield (Uingereza) na Solingen (Ujerumani), mtu akizikuta zimeota kutu anaona takataka, kumbe chuma kikiwa kizima zinanyoa vizuri tu. Wengi wanaokwama wanakimbilia mawe laini na mkanda wa ngozi wakati makali yenyewe bado hayajatengenezwa, halafu wanasema wembe mbovu.

Kabla ya yote kagua. Chini ya mwanga mkali, na kioo cha kukuza, unatafuta ufa. Kutu ya juujuu sio shida, pengo dogo pia linanoleka, ila ufa unaoanzia makalini ukapanda kuelekea mgongoni, hata mwembamba kiasi gani, huo wembe ndo basi tena, uweke kabatini uwe pambo. Vile vishimo vyeusi vya kutu vikiwa katikati ya bapa achana navyo, vikiwa pale pale makalini jua kila ukinoa yatamegeka mpaka chuma kiishe ufike kilicho kizima. Tazama na mgongo kama umelika upande mmoja, maana kwenye wembe mgongo ndo unaoshika pembe, unalala juu ya jiwe pamoja na makali.

Mpini nao una mambo yake. Ukiona kutu imekula sehemu ile tu ya bapa inayolala ndani ya mpini, na mpini ni wa seluloidi (plastiki ya zamani), mara nyingi ni seluloidi inaoza, inatoa gesi yenye asidi ambayo inakula chuma. Toboa pini inayoshikilia bapa na mpini, ung'oe huo mpini, usiuweke karibu na nyembe zingine wala karibu na moto kwa sababu seluloidi inawaka vibaya sana.

Kusafisha: sabuni, mswaki wa zamani, kausha, pitisha spiriti. Kisha lalisha bapa juu ya kipande cha mbao (usishike hewani, tafadhali) na uchukue msasa wa maji namba 400 wenye mafuta kidogo, panda 600, 1000, mpaka 2000 ukitaka kung'aa. Mkono utoke mgongoni kutokea nje ya makali, usirudi kinyume, hata makali butu yanakata. Kama kuna maandishi ya dhahabu kwenye bapa yakwepe, msasa unayafuta dakika hiyo hiyo. Na mambo ya kufunga burushi kwenye drili sahau kabisa: makali ni membamba mno, yanapata joto upesi, na yakishafika kama nyuzi 200 hivi chuma kinaanza kulainika na hakuna jiwe litakalokirudishia ugumu.

Sasa kunoa. Jiwe liwe bapa kwelikweli, chora miraba ya penseli juu yake, sugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka mistari yote ifutike. Bandika tepu ya umeme safu moja mgongoni kama hutaki mgongo ulike, ila ukianza na tepu malizia na tepu, ukiitoa katikati pembe inabadilika unaanza upya.

Namba ya jiwe ikipanda, jiwe ni laini zaidi. Jiwe namba 1000 ndo linalotengeneza beveli, yaani ule mteremko mwembamba wa pande zote mbili unaokutana kuwa makali. Paka makapeni (kalamu ya wino mzito) kwenye mteremko, lowanisha jiwe, sukuma wembe makali yakiwa mbele, mgongo na makali vimelala vyote, ukienda kwa mshazari kuanzia kisigino (upande wa makali ulio karibu na mpini) kumalizia nchani. Ukifika mwisho geuza wembe upande wa pili ukiuzungusha juu ya mgongo, sio juu ya makali. Angalia wino umebaki wapi, hapo ndo jiwe halijagusa. Kukandamiza hakusaidii, uzito wa wembe unatosha, ukibonyeza makali yanapinda na utanoa pasipo kunoleka. Hapa utakaa muda mrefu, wengine wanachoka wanapanda namba 4000 na ndo maana wembe hauji kunyoa, jiwe laini linang'arisha tu kile ulichokwisha tengeneza. Usipande mpaka wembe unyoe nywele za mkono kisigino, katikati na nchani, kote sawa. Ukiutazama makali yakielekea juu kwenye mwanga, usione mstari wowote unaomeremeta, penye kumeremeta ni butu bado.

Ukishavuka hapo mengine mepesi: 4000, halafu 8000, kila jiwe lifute mikwaruzo ya lililotangulia. Namba 8000 inatosha kunyoa kidevu. 12000 ni starehe, na wapenda mawe asilia wanamalizia na lile la njano la Ubelgiji linaloitwa koticule.

Mwisho mkanda wa ngozi, ule wa kupitishia makali baada ya mawe. Ukaze usilegee, safari hii mgongo ndo unatangulia, makali yanafuata nyuma, ukisahau unakata ngozi ya mkanda na kuharibu kazi yote. Mara 20 kwenye upande wa kitambaa wa mkanda, 50 kwenye ngozi, unageuza kwa mgongo kila upande.

Kunyoa kwa mara ya kwanza anza na shavu tu, vuta ngozi, wembe uinuke kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi. Ukimaliza kausha mpaka kwenye pini, paka mafuta kidogo, uache wazi ukauke kabla ya kuukunja.