Kabla hujatoa damu ya kupima vimeng'enya vya ini

Kijana mmoja alikuja maabara tuliyokuwa tukifanyia kazi, karatasi ya majibu kutoka kwingine ikiwa imekunjwa mara nne mfukoni. AST 142, ALT 88, vimeng'enya viwili vinavyopimwa kuangalia ini. Siku mbili hajala vizuri wala hajalala, maana jirani aliyeitazama ile karatasi alimwambia ini limeshaharibika. Nikamuuliza alikuwa anafanya kazi gani wiki aliyopimwa. Kushusha saruji, akasema, mifuko ya kilo 50, jana yake tu, kutwa nzima. Daktari akaomba kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli, nacho kikaja juu sana. Akaambiwa apumzike siku kumi. Damu iliporudiwa, AST na ALT zote zilikuwa chini ya 40, yaani kawaida.

Nimemtanguliza yeye kwa sababu watu wengi wanaotumwa kupima ini huuliza jambo moja tu: nije nimefunga au nimekula? Ni swali zuri, ila si ndilo linaloharibu majibu mara nyingi. Kinachoyaharibu ni mambo ya wiki mbili zilizopita ambayo mgonjwa hakuyataja na aliyempokea hakuyauliza.

Vimeng'enya ni protini zinazofanya kazi ndani ya seli. Seli ikiumia hupasuka au huvuja, na vilivyokuwa ndani huingia kwenye damu. Mashine inapima kilichovuja, basi. Haijui kimevuja kwa sababu gani, na wakati mwingine haijui hata kimevuja kutoka wapi. ALT kwa sehemu kubwa ni ya ini. AST ipo kwenye ini, lakini pia kwenye misuli, moyo na seli nyekundu za damu. ALP hutoka kwenye mirija ya nyongo na kwenye mifupa, ndiyo maana mtoto anayekua huwa nayo juu bila ugonjwa wowote. Mjamzito wa miezi ya mwisho naye huwa nayo juu, kwake inatoka kwenye kondo la nyuma. GGT hupanda nyongo ikiziba, pia kwa pombe na kwa baadhi ya dawa. Karatasi ikiandika SGPT na SGOT usidhani ni vipimo vingine, ni majina ya zamani ya ALT na AST.

Kwa hiyo siku moja kabla, kaa chini na ukusanye dawa zako zote. Usitegemee kukumbuka majina. Chukua mfuko, tia kila kidonge unachomeza, kila chupa, kila unga, nenda nao. Dawa za kifua kikuu ndizo ninazozitilia mkazo kuliko zote, kwani isoniazid, rifampicin na pyrazinamide zote tatu zinaweza kuumiza ini, na huenda ndiyo sababu hasa umetumwa kupima. Hapa kuna jambo linalowatisha watu bure: rifampicin hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, na hata machozi. Hiyo ni rangi ya dawa. Lakini weupe wa macho ukigeuka manjano, hiyo si rangi ya dawa, na unatakiwa kurudi kliniki siku hiyo hiyo. Kwa kawaida dawa husimamishwa ALT ikipita mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida na mgonjwa ana dalili kama kutapika, kukosa hamu ya kula au macho ya manjano, au ikipita mara tano hata kama hana dalili. Uamuzi huo ni wa daktari. Ukiacha mwenyewe katikati ya dozi unawafunza wadudu wa kifua kikuu kuishinda dawa.

Watumiaji wa ARV, dawa za kifafa, dawa za kushusha mafuta ya damu na dawa za fangasi za kumeza nao wazitaje. Na paracetamol, ambayo watu hawaihesabu kuwa dawa. Mtu mzima hatakiwi kupita vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake. Unameza vidonge viwili vya kichwa, kisha viwili vya mafua, na hujui kwamba umemeza kitu kile kile mara mbili.

Mitishamba. Najua hili ni gumu kulisema mbele ya daktari, hasa kama mama mkwe ndiye aliyeichemsha na amekusindikiza mpaka mlangoni. Sema hata hivyo. Kitu cha asili nacho hupita kwenye ini kama kidonge kinavyopita, na mkaguzi wa kiwango chake hayupo. Mirungi, au miraa kama wanavyoiita Kenya, imehusishwa na kuumia kwa ini. Na kama nyumbani mmekuwa mkila mahindi au karanga zenye ukungu, lisemeni pia: mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, Kenya, sumukuvu, sumu ya ukungu huo, kwenye mahindi iliwaugonjwesha watu 317 na kuua 125 kati yao. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara nako watu walidhurika kwa sumu hiyo hiyo.

Kuhusu pombe, usiache siku mbili ili karatasi ipendeze. GGT iliyopandishwa na pombe huchukua wiki kadhaa kushuka, na kwa mnywaji sana ambaye ini limeshaumizwa na pombe AST mara nyingi huwa zaidi ya mara mbili ya ALT, kwa hiyo karatasi itakusema. Sema kiasi unachokunywa kwa chupa au kwa glasi, na kama ni gongo, sema ni gongo. Ila anayekunywa sana kila siku asikate ghafla bila kumwambia daktari. Mwili uliozoea pombe unaweza kutetemeka na hata kupata degedege.

Kazi nzito na mazoezi makali yaache kwa wiki nzima kama unaweza. Ukishindwa, basi mwambie anayekuandikia fomu, kama yule kijana alivyopaswa kuulizwa.

Sasa chakula. Kwa vimeng'enya vya ini pekee kufunga si lazima. Ila mara nyingi daktari huomba sukari na mafuta ya damu kwa pamoja, hapo utaambiwa ufunge saa 8 hadi 12. Maji safi unaruhusiwa, na nakushauri uyanywe, mshipa unaonekana vizuri zaidi. Mwenye kisukari aulize kwanza afanyeje na dawa zake za asubuhi.

Siku ya kwenda, vaa nguo ambayo mkono wake unapanda juu ya kiwiko. Mwangalie anayekutoa damu akiandika jina lako kwenye chupa kabla hujainuka kwenye kiti, usione aibu kusoma. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, juu hubaki maji ya manjano hafifu, na hayo ndiyo yanayopimwa. Nimewahi kushika chupa ambayo maji hayo yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela, kwa sababu sindano ilisumbua mshipa na seli nyekundu zikapasuka. AST ya chupa kama hiyo hupanda kwa uongo. Ukiitwa kurudia damu usikasirike, na usidhani wameona jambo baya wanakuficha.

Majibu yakitoka, tazama kipimo chako na kiwango cha maabara hiyo hiyo kilichoandikwa pembeni, maana maabara hazifanani. Kupita kidogo ni kawaida na mara nyingi hurudiwa baada ya wiki chache. Na majibu yaliyo ndani ya kiwango hayamaanishi ini ni zima: mtu anaweza kuwa na homa ya ini aina ya B, au ini lililokwisha kuwa na makovu, na ALT yake ikawa 30. Homa ya ini aina ya B ina kipimo chake cha damu, HBsAg. Kiombe kama hujawahi kupimwa. Uwezo wa ini kufanya kazi unaonekana zaidi kwenye albumini (protini inayotengenezwa na ini), bilirubini (rangi ya manjano ambayo ini huitoa mwilini) na muda wa damu kuganda.

Macho ya manjano, kutapika damu, choo cheusi kama lami, tumbo linalojaa maji, au mgonjwa wa ini anayeanza kuchanganyikiwa na kulala mchana kutwa: usingoje tarehe ya majibu, nenda hospitali usiku huo huo. Wengine wote, rudini maabara ile ile kwa kipimo cha pili, na karatasi ya kwanza iwe mkononi, haijakunjwa mara nne.